Fom foo ya jioni, cheti cha fundi au kujisomea: mtu mzima ashike njia ipi?

Mtu aliyeishia la saba, sasa ana miaka thelathini na kitu, akitamka tu kwamba anataka kurudi kusoma, washauri hawakosekani. Wa kwanza atamwambia akapige QT, mtihani wa kumfungulia njia ya fom foo. Wa pili atamtuma VETA, kwenye mafunzo ya ufundi. Wa tatu, mara nyingi mtoto wake mwenyewe, atamwambia, mama, siku hizi kila kitu kipo kwenye simu. Wote wanasema kweli, na yeye anabaki pale pale alipokuwa.

Ninafundisha Kiingereza darasa la jioni. Wanaokuja kuulizia nafasi huanza na umri: "Mwalimu, kwa umri huu kichwa kitashika kweli?" Kitashika. Mimi huwarudishia swali jingine: ukishamaliza, ni nani atakayekudai cheti? Kama ni chuo cha uuguzi, njia ni moja tu. Kama ni mteja anayetaka nyumba yake iwekwe umeme, njia ni nyingine kabisa. Na kama hakuna atakayekudai, unataka tu kuelewa anachosoma mwanao, kusimama kwenye mkutano wa kijiji ukaongea bila kutetemeka, au kuacha kumpelekea jirani barua zako akusomee, basi usilipie kitu ambacho hukihitaji.

Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ufundi una mamlaka yake, na Kenya ina baraza lake la mitihani.

QT na kidato cha nne

Mtihani wa Maarifa, ambao kila mtu anauita QT, unatungwa na Baraza la Mitihani, NECTA, na uzito wake ni wa kidato cha pili. Aliyemaliza la saba akaufaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa hiyo mwaka wa kwanza ni QT, wa pili fom foo. Mitihani yenyewe ni Novemba, lakini usajili unaanza Januari. Anayechelewa anapigwa faini, na akichelewa zaidi anasubiri mwaka mwingine. Aliyewahi kufanya mtihani wa kidato cha nne akapata sifuri hahitaji QT, yeye anarisiti, yaani anarudia mtihani huo, moja kwa moja. Nalisema hili kwa makusudi, maana nimekutana na watu wa namna hiyo waliopokelewa mahali wakaanzishwa upya, wakalipa miaka miwili, na hakuna aliyewaambia.

Miaka miwili badala ya minne inasikika tamu. Kinachojificha nyuma yake ni lugha. Shule ya msingi ya serikali inafundisha kwa Kiswahili, sekondari karibu masomo yote ni kwa Kiingereza. Kijana wa shuleni anapewa miaka minne ya kuzoea, walimu wakiwa naye tangu asubuhi. Mtu mzima anapewa miwili, saa mbili za jioni, miguu ikimuuma kwa kazi ya kutwa. Nina mwanafunzi anauza mitumba ambaye Vita vya Majimaji anavisimulia vizuri kuniliko. Umtake aeleze sababu zake kwa maandishi, kwa Kiingereza, anaandika mistari miwili na kuishiwa. Historia anaijua, anachopimwa kwanza ni kitu kingine. Hesabu nalo ni somo linaloangusha wengi nchi nzima kila mwaka, hata wale wa shuleni. Tena mtahiniwa wa kujitegemea hana alama za maendeleo, zile za kazi za darasani, za kumbeba kama alizonazo mwanafunzi wa shule. Siku ile ya mtihani ndiyo kila kitu.

Kwa sababu hiyo, kati ya kusomea QT peke yako nyumbani na kusomea kituoni, mimi nina upande. Vitabu vilikuwa tatizo zamani. Leo Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye Maktaba Mtandao yake na unavisoma bure, mitihani iliyopita ipo kwenye tovuti ya NECTA, na Shule Direct, iliyoanzishwa mwaka 2013, ina masomo ya sekondari yanayofuata mtaala wetu. Anayesoma peke yake ana kila kitu isipokuwa mtu wa kumsahihishia insha na mtu wa kumuuliza Jumanne alikuwa wapi. Kukosa huyo wa pili ndiko kunakowamaliza wengi. Mtoto akitoroka shule anatafutwa. Mtu mzima akiacha, nyumbani wanaona kama akili imemrudia.

Kujisomea kunamfaa aliyefika fom foo, akaangushwa na masomo mawili matatu, na Kiingereza chake kinaeleweka. Huyo anajua mtihani unafananaje. Anahitaji maswali ya nyuma na nidhamu. Aliyeishia la saba, hasa kama imepita miaka kumi hajashika kalamu kwa ajili ya kuandika aya nzima, atafute kituo.

Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, inaendesha sekondari kwa njia mbadala na ina ofisi mikoani. Hatua ya kwanza inabeba kidato cha kwanza na cha pili, hatua ya pili inabeba cha tatu na cha nne. Makao makuu yake Dar es Salaam yako Barabara ya Bibi Titi Mohamed, yule mama aliyewaamsha wanawake wa TANU akiwa na miaka michache tu ya darasani. Hilo halina uzito wowote kwenye uchaguzi wako, ila mimi nikipita pale hunifurahisha.

Vituo binafsi viko karibu zaidi na watu, ghorofani juu ya maduka na kwenye madarasa ya kukodi, na ubora wao unapishana mno. Usiende mchana wa kujiandikisha. Nenda jioni darasa likiendelea, ukae nyuma. Hesabu waliofika, kisha uliza waliojiandikisha ni wangapi. Uliza nani anasahihisha mazoezi na yanarudi baada ya siku ngapi. Uliza pia wanafuata muhtasari upi, maana mtaala mpya ulianza kuingia madarasani Januari 2024 kwa awamu, na yale madaftari uliyoachiwa na kaka yako huenda yameshapitwa.

Cheti hicho kinafungua nini? Kwa kawaida D nne, bila kuhesabu masomo ya dini, ndizo zinazokuingiza chuoni ngazi ya cheti. Vyuo vya afya vina masharti ya ziada: uuguzi wanataka uwe umefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia. Hapa ndipo nimeona machozi. Mtu anachukua Kiswahili, Uraia, Historia na Jiografia kwa kuwa ndiyo masomo yanayobebeka, anapata D zake nne, sherehe inafanyika, halafu anaomba uuguzi. Kabla ya kuchagua masomo, chukua sifa za kujiunga za chuo unachokitaka na uanze kupanga kutoka huko kurudi nyuma. Kama chuo hicho kinadai sayansi, kituo kisichokuwa na mwalimu wa sayansi wala pa kufanyia majaribio hakikufai, hata kiwe mlango wa pili kutoka kwako.

Cheti cha fundi

Akija kwangu fundi gereji mwenye uzoefu wa miaka kumi na tano akitaka fom foo, kwanza namuuliza kama amewahi kusikia urasimishaji ujuzi. Wengi hawajausikia. VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inawapima watu waliojifunza kazi mtaani au kwa bwana fundi: uashi, useremala, ufundi magari, upishi na fani nyingine. Unafanya kazi wakiona, unahojiwa, pengo likionekana unapewa mafunzo ya kuliziba, kisha unatunukiwa cheti. Hukalishwi darasani kufundishwa kitu ambacho wewe mwenyewe unawafundisha vijana wako.

Weka njia hizi mbili pamoja. QT inakutaka jioni zako zote kwa miaka miwili na inakupima kwa lugha usiyoizoea. Urasimishaji unakupima kwa kazi unayoifanya kila siku, kwa muda mfupi zaidi. QT ukiishinda inakupa mlango wa vyuo vingi ambavyo bado hujajua kimoja wapo utakachoingia. Urasimishaji unakupa mlango mmoja, na upande wa pili wa mlango huo kuna kazi unayoijua tayari. Mtu wa miaka arobaini na mbili mwenye watoto watatu shuleni, mimi humshauri huu wa pili, bila kupepesa.

Umeme ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Fundi anaweza kuwa amefanya wayaringi ya nusu ya mtaa, lakini makaratasi ya wayaringi yanayopelekwa TANESCO, shirika la umeme, yanasainiwa na mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na safari ya leseni inaanzia kwenye cheti cha fani. Asiye nacho anafanya kazi yote, kisha anamtafuta mwenye leseni na kumlipia saini. Kwa fundi huyu cheti ni hesabu ya pesa tupu, wala haina haja ya hotuba kuhusu umuhimu wa elimu.

Kozi fupi za VETA ni jambo tofauti, ingawa watu huzichanganya. Hizo ni za asiyekuwa na kazi mkononi bado na anataka kuanza: udereva, ushonaji, upishi, kompyuta. Zinafaa, ila uliza mapema cheti chake ni cha namna gani, kwa kuwa cheti cha kuhudhuria kozi fupi na cheti cha kiwango cha kwanza, cha pili au cha tatu cha ufundi stadi havina thamani moja mbele ya mwajiri.

Njia hii nayo ina upungufu wake, na sitaki kuuficha. Cheti cha ufundi hakimponyi mtu anayeumia kwamba hakwenda sekondari. Wapo waliorasimishwa, kazi zikaongezeka, na bado wakarudi kutafuta fom foo. Mtu akiniambia amechoka kunyamaza kila shemeji zake wanapoanza kukumbushana shule walizosoma, simcheki, na simwambii hiyo si sababu. Aibu ni sababu halali ya kusoma, tena inawaamsha watu alfajiri kuliko sababu nyingi zenye heshima. Ila aikiri mapema, ili matokeo yakitoka Januari, amefaulu vizuri na mshahara umebaki ule ule, asione ametapeliwa.

Chuo cha Maendeleo ya Wananchi

Vyuo hivi vipo 54 nchini, kama Kisarawe, Bigwa ya Morogoro na Newala. Vilianza mwaka 1975 kwa mfano uliotoka Sweden, na watu wengi wa mjini hawavijui kabisa. Vinafundisha ufundi, kilimo na ujasiriamali, na baadhi ya wanafunzi wanalala hapo hapo.

Kwa mtu wa aina moja, naviweka juu ya njia nyingine zote: mama kijana aliyeacha shule kwa ujauzito. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho anasoma sekondari na ufundi kwa pamoja, na mtoto wake ana mahali pa kulelewa pale chuoni. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi kwenye shule za kawaida, na hilo limesaidia wengi, lakini mwenye miaka ishirini na minne hatakaa dawati moja na wa miaka kumi na mitano. Swali linalokata masomo yake halihusu akili wala ada. Ni "mtoto namwacha na nani?" Kituo cha QT mtaani hakina jibu la swali hilo, simu haina, VETA kwa kawaida haina.

Kinyume chake, mama lishe mwenye marejesho ya mkopo kila wiki hawezi kufunga banda akaenda kukaa chuoni. Kwake chuo hiki kitabaki kizuri kwa mbali.

Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, nakipita haraka. Ni kwa ajili ya mwenye kidato cha sita, stashahada au sifa zinazokaribia hapo, anayetaka shahada bila kuacha kazi. Vituo vyake vya mikoa vinamwezesha mtu wa Songea kusoma bila kuhamia Dar. Kama hujafika huko, mtu asikuuzie ndoto yake leo.

Kusoma bila kudaiwa cheti

Njia hii inadharauliwa sasa, na historia yake ndiyo kubwa kuliko zote. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kufikia 1967 watu wazima wapatao asilimia 67 hawakujua kusoma na kuandika. Upimaji wa mwaka 1975 ukakuta wamebaki 39. Hakuna aliyeahidiwa ajira kwa ajili ya kisomo. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya: watu wapatao milioni 2 walikaa kwa vikundi, kila kikundi na redio yake na kiongozi wake, wakasikiliza, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Redio peke yake ingewapita kama upepo. Kikundi ndicho kilichoyabakiza maneno.

Kenya nao wana mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya ada ya shule za msingi kufutwa. Picha yake akiwa na soksi ndefu inasambazwa mno, kana kwamba kila mzee anatakiwa akakae na watoto. Mimi ninachokipenda kwake ni kwamba alijua anachotaka: kuisoma Biblia mwenyewe na kuzihesabu pesa zake mwenyewe. Lengo dogo kama hilo unaweza kulipima. "Kujiendeleza" peke yake huwezi.

Kwa asiyejua kusoma kabisa, usihangaike na kituo chochote cha kulipia. Kila halmashauri ina ofisa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo huendeshwa kupitia mpango wa elimu ya watu wazima uitwao MUKEJA. Anza kwa Ofisa Elimu Kata akuelekeze lilipo karibu nawe.

Kwa anayejua kusoma, uchaguzi unabaki kati ya simu, maktaba na kikundi. Simu ina masomo mengi kuliko utakayoweza kuyamaliza, na ina kila kitu kingine pia, ndiyo taabu yake. Maktaba ina ukimya. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967 na mikoani zipo, ila zinakufaa ukiwa na nafasi mchana. Kikundi ndicho ninachokipigia debe. Usikiunde kipya. Kama mko kwenye kikoba na mnakutana kila wiki kuhesabu hisa, ombeni nusu saa kabla ya kuhesabu: wiki hii mmoja aeleze riba inavyopigwa, wiki ijayo mwingine asome kwa sauti mkataba wa mkopo ambao wote mmeusaini na hamkuusoma. Hakuna atakayewapa cheti, na hakuna atakayewadanganya tena kwenye riba.

Wanaosita

Mlinzi wa usiku, alifika fom foo akapata D mbili, anataka kuingia chuo ngazi ya cheti. Huyu ana saa za kimya ambazo wengine wanazilipia. Arisiti masomo yanayodaiwa na chuo chake, ajisomee lindoni, na siku moja kwa wiki aende kwa mwalimu amsahihishie. Kituo cha kila jioni kingemvurugia usingizi wa mchana bure.

Mama lishe aliyeishia la saba, anataka kupika kwenye kantini ya ofisi. Ameambiwa bila fom foo hataitwa. Aulize kwanza ofisi yenyewe inataka nini. Mara nyingi zinatajwa leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, upimaji wa afya na ushahidi wa kujua upishi. Urasimishaji wa upishi pamoja na uwekaji wa hesabu vitamfikisha kabla QT haijamfikisha Novemba ya kwanza. Akishapata kantini na bado akataka fom foo, aje. Atakuwa na nauli ya kila jioni, kitu ambacho watu husahau kukiweka kwenye hesabu ya ada.

Na kama unasoma haya huku usajili wa mwaka huu umeshafungwa, usimpe mtu yeyote ada ya QT kwa sasa, hata akuahidi nini. Fungua kitabu cha Kiingereza cha kidato cha kwanza kwenye Maktaba Mtandao, tafuta mtu mmoja wa kukusahihishia ukurasa kila wiki, na zile hesabu za darasa la sita na la saba uzirudie mpaka sehemu na asilimia zisikutishe. Januari ikifika utakwenda kujiandikisha ukiwa unajua kama jioni zako zinatosha.